Neno moja katika sura ya 78

Dijon, 16 Novemba

Ndugu yangu Gaudence,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, kifua kimepona, natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Nilimpigia Mama simu akaniambia ulipita kumwona, ukamwachia sukari na gunia la mkaa. Mungu akulipe, sina namna nyingine ya kusema. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka. Kwanza zamu zilifuatana, halafu kifua, halafu kimya chenyewe kikawa kizito kukivunja. Nisamehe.

Bahasha yako ilinifikia Jumanne mkononi mwa mdogo wake Festo. Pembe zimekunjika lakini kurasa zote zimo. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku. Nikasema nisome kurasa mbili nilale. Saa sita mchana nilikuwa bado mezani, koti sijavua. Gaudence, umefanya kazi kubwa! Kitabu kizima cha saba cha Caesar, kile cha vita vyake dhidi ya Wagallia na kuzingirwa kwa mji wa Alesia, kutoka Kilatini moja kwa moja hadi Kiswahili, bila kupitia Kiingereza. Laiti Padri angeishi akaiona, yeye aliyekuwa akitugongea meza kwa rula: -bam, -bas, -bat! Wale waliokuambia kwamba vijana wa kidato cha tatu hawana haja na mambo haya, waache. Chapisha hata kwa mashine ya shule, karatasi nitatuma.

Ninakuandikia kwa ajili ya mistari mitatu tu, lakini haya madogo niyatoe njiani kwanza.

Jina. Kote umeandika Kaisari. Kijana akisoma Kaisari atamwona yule wa kwenye dinari, wa "mpeni Kaisari yaliyo ya Kaisari", na yule ni Tiberio, miaka 80 hivi baadaye, jina limeshageuka cheo. Huyu wetu wa mwaka 52 KK ni gavana mwenye majeshi na maadui wengi kule Roma. Mwache awe Caesar. Kuhusu Wagallia, wenyeji wa Ufaransa ya kale, mdogo wake Festo aliniuliza kama ndio Wagalatia walioandikiwa na Mtakatifu Paulo, na hakukosea sana: wale ni wa damu hiyohiyo, walivuka kuingia Asia Ndogo mwaka 278 KK. Weka hilo pembeni mwa ukurasa, vijana watalipenda.

Sura ya 73, ile ya mitego. Umeyaacha majina kwa Kilatini, na mimi nadhani Kiswahili kinayo. Yale mashimo ambayo askari waliyaita lilia, mbona tunalo "nyinyoro"? "Kama nyinyoro kati ya miiba", unakumbuka. Na zile ndoana za chuma zilizopigiliwa kwenye vijiti na kufukiwa ardhini, stimuli, hiyo ni michokoo, neno lilelile ambalo Paulo aliambiwa ni vigumu kulipiga teke. Ukiyaweka hivyo kijana ataelewa kwamba askari walikuwa wakifanya mzaha huku wanachimba. Mwezi Agosti nilikwenda kuziona pale Alise-Sainte-Reine, palipokuwa Alesia, ambako wamejenga upya kipande cha ngome za Warumi. Nilichuchumaa kando ya nyinyoro moja. Shimo la futi tatu linalopungua upana kadiri linavyoshuka, ndani yake kigingi kinene kama paja, kimechongwa na kukaushwa kwa moto, kimetokeza vidole vinne tu juu ya udongo ulioshindiliwa. Caesar anasema walifunika kwa fito na vichaka, safu nane, futi tatu kutoka shimo hadi shimo. Nikatazama ule uwazi kati ya shimo na shimo nikajiuliza mtu angepitaje usiku, akiwa amembeba mtoto.

Hapo ndipo sura ya 78 iliponishika, na haijaniachia.

Kuhusu Wamandubii, wenyeji wa Alesia, na Vercingetorix, kiongozi wa Wagallia, wewe umeandika hivi: "Wamandubii waliowakaribisha mjini wakafukuzwa na Vercingetorix pamoja na wake na watoto. Wakaenda kwa Warumi wakaomba wachukuliwe watumwa. Kaisari akakataa wasiingizwe." Ni Kiswahili kizuri, kinasomeka, na kimekwisha kwa pumzi moja. Hilo ndilo linaloniuma. Chukua Kilatini chako utazame vitenzi. Wamandubii ni wale "receperant", waliowapokea wapiganaji mjini mwao. Wanawalilia Warumi wawe "receptos", wapokewe, hata kama ni utumwani, ili mradi wapate chakula. Na Caesar, baada ya kupanga walinzi juu ya boma, "recipi prohibebat". Kitenzi kilekile mara tatu katika mistari mitatu! Waliopokea, wanaomba kupokewa, wanakatazwa kupokewa. Wewe umeweka kukaribisha, kuchukua na kuingiza. Kiswahili kimekupa "kupokea", neno la mlangoni, la mgeni na mzigo wake. Lirudie mara tatu, nakusihi.

Halafu njeo. "Orabant", "prohibebat": imperfectum zote mbili, njeo ya tendo lililokuwa likiendelea. Padri angekurudisha ubaoni. Ukiandika "wakaomba", "akakataa", -ka- inafunga mlango, tukio limepita, tunasonga mbele. Caesar hakuandika hivyo. Walikuwa wakiomba, naye alikuwa akikataza. Asubuhi wanaomba, anakataza. Jioni wanaomba, anakataza. Sijui kama yeye mwenyewe alikusudia tuone hivyo, lakini sarufi yake inaonyesha siku zikipita, na sisi tunaomfasiri hatuna ruhusa ya kuzifupisha.

Ningeandika hivi, wewe urekebishe: "Wamandubii, waliokuwa wamewapokea mjini, wanalazimishwa kutoka pamoja na watoto na wake zao. Hao, walipofika kwenye ngome za Warumi, walikuwa wakilia na kusihi kwa kila ombi wapokewe utumwani na wasaidiwe chakula. Lakini Caesar, akiisha kupanga walinzi juu ya boma, alikuwa akikataza wasipokewe."

Utaona nimeliondoa jina la Vercingetorix. Caesar anaandika "coguntur", wanalazimishwa, hasemi na nani. Kabla ya hapo anasema tu kwamba baraza la mjini lilipiga kura. Ni Cassius Dio, mwanahistoria aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye, anayemtaja Vercingetorix kuwa ndiye aliyewatoa. Huenda Dio ana haki. Lakini hii ni fasiri ya Caesar, na mahali ambapo Caesar ameficha mtu, msomaji aone kwamba amefichwa.

Na tazama walivyofika hapo. Umeifasiri vizuri sana sura ya 71, lakini sidhani umeiunganisha na ya 78. Vercingetorix anajifungia Alesia na watu 80,000, kwa hesabu ya Caesar. Nafaka ni ya siku 30 kwa shida. Anaamuru nafaka yote iletwe kwake, atakayeficha auawe. Ng'ombe anawagawa mtu kwa mtu. Ng'ombe wa nani? Caesar anataja: walikuwa wengi, wamekusanywa na Wamandubii. Basi mji ni wa Wamandubii, ng'ombe ni wa Wamandubii, na nyama ilipokwisha waliotolewa nje ni Wamandubii. Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilikaa na methali hiyo usiku mzima kazini, sikuweza hata kuzungumza na wenzangu.

Jumamosi nikapanda treni kwenda huko tena. Unashuka kituo cha Les Laumes-Alésia, chini ya saa moja kutoka hapa. Makumbusho sikuingia safari hii, wala sikupanda mlimani kwenye lile sanamu la Vercingetorix ambalo Napoleon wa Tatu alilisimamisha mwaka 1865. Karibu mita 7 urefu, na wenyewe wanasema uso ni wa Napoleon! Nilitembea tu kwenye uwanda, nikiwa na mlima mgongoni, mahali ambapo handaki la kwanza lilipita. Kulikuwa na manyunyu. Shambani ng'ombe weupe walikuwa wakila majani. Mmoja alikuja hadi kwenye seng'enge akanitazama, pua inatoa moshi. Nikageuka nikaona mlima, nikageuka tena nikaona vilima vya upande wa pili, vyote karibu, Gaudence. Sauti ya mbwa wa juu kijijini niliisikia wazi. Kwa hiyo waliokuwa ndani waliwasikia watoto wao wakilia huku chini, na Warumi nao waliwasikia.

Nimekuchorea ramani uliyoomba, imo ndani ya bahasha. Mito ni miwili, Ose kaskazini na Oserain kusini. Mstari wa ndani wa ngome za Warumi ni maili 11 za Kirumi, karibu kilomita 16, ukiutazama mji. Wa nje ni maili 14, karibu kilomita 21, ukilitazama jeshi la Wagallia lililokuja kuuokoa mji. Warumi walikaa katikati ya mistari hiyo miwili. Handaki la futi 20, kisha mahandaki mawili ya futi 15, moja limejazwa maji ya mto, kisha boma la futi 12 na mnara kila baada ya futi 80. Vijana wasidhani ni hadithi. Mahandaki yalichimbuliwa mwaka 1861 hadi 1865, na Wafaransa na Wajerumani wakayachimbua tena pamoja mwaka 1991 hadi 1997. Wamepata hata risasi ya kombeo yenye jina la Labienus, yule msaidizi wa Caesar. Idadi za watu ndizo za kutilia shaka: hao 250,000 wa miguu waliokuja kuokoa, Caesar alikuwa akiiandikia Roma na alitaka Roma ishangae. Handaki halina sababu ya kudanganya.

Sasa lile neno lako la utangulizi. Umesema, "Vijana wasimhukumu, vita vya zamani vilikuwa hivyo." Hapo hatukubaliani, na nimejaribu kwa dhati kukuelewa. Najua Caesar naye alikuwa amewaagiza watu wake waweke akiba ya siku 30 tu. Najua kila kinywa alichokataa kilikuwa kinywa ambacho huenda mji ungelazimika kukirudisha na kukilisha. Hesabu ya vita ninaiona. Lakini kusema kwamba watu wa zamani hawakuliona jambo hili kuwa baya si kweli, na ushahidi uko Roma kwenyewe. Mwaka 55 KK, makabila mawili ya Wagermani, Wausipete na Watenkteri, yalivuka Rhine na familia zao. Viongozi wao walikuja kambini kwa Caesar kuzungumza, akawashikilia, akaivamia kambi yao isiyo na viongozi. Wanawake na watoto walipokimbia, mwenyewe anaandika kwamba aliwatuma wapanda farasi wawafukuzie. Habari zilipofika, Seneti ikaamua siku za shukrani kwa miungu. Cato, mmoja wa maseneta, akasimama akasema mtu huyu akabidhiwe kwa Wagermani, ili uchafu wa kuvunja mapatano usiiangukie Roma. Hawakumsikiliza, lakini alisema, mbele ya wote. Kiangazi hichohicho Caesar akajenga daraja juu ya Rhine kwa siku 10, akakaa ng'ambo siku 18, akarudi akalivunja. Vitabu vya shule vinalikumbuka daraja.

Na pale Alesia walioamua mambo ni Wagermani pia, ambao Caesar aliwaita kutoka ng'ambo ya mto. Farasi wao walikuwa hafifu hata akawapa wa maofisa wake. Hilo umelifasiri vizuri, sina la kuongeza. Wala sina la kuongeza kwenye vita vya mwisho na lile joho lake jekundu. Hizo ndizo kurasa zako bora kabisa, na Festo alizisoma kwa sauti kwenye simu mpaka salio likaisha.

Nirudi kwa Wamandubii kidogo tu. Umeangalia sentensi inayofuata? Sura ya 79 inaanza: wakati huohuo Commius na viongozi wengine wa jeshi la uokoaji wanafika. Ndiyo basi. Wamandubii hawatajwi tena. Dio ndiye anayetuambia kwamba walikufa vibaya pale katikati, kati ya mji na kambi. Halafu, mji ulipojisalimisha, Caesar anamgawia kila askari wake mateka mmoja kama ngawira, isipokuwa watu kama 20,000 wa makabila ya Waedui na Waarverni ambao aliwahifadhi kwa sababu za siasa. Mtumwa mmoja kwa kila askari! Watu walikuwa wameuomba utumwa huohuo wakiwa wamepiga magoti chini ya boma, na wakanyimwa. Nilipofika hapo kwenye kurasa zako nilifunga nikatoka nje kutembea.

Wewe umekulia Songea, nami nimelelewa nusu ya likizo zangu kwenu. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akisimulia aliyoyasikia kwa mama yake, baada ya Maji Maji? Jinsi maghala yalivyochomwa na mashamba yakafyekwa, watu wakachimba mizizi ya porini, na jinsi alivyokuwa akinyamaza kila alipofika kwa yule mtoto wa pili, kisha anaanza tena kutoka mwanzo wa siku ileile? Hakusema "walikufa njaa" hata mara moja. Alisema "walikuwa wakifa". Imperfectum, Gaudence. Hakusoma Kilatini, na alijua.

Kwa hiyo ninakuomba mambo matatu: "kupokea" mara tatu, "alikuwa akikataza" badala ya "akakataa", na sentensi ile ya utangulizi uitoe. Kama kuna gharama ya kupiga chapa upya kurasa hizo, niambie, nitaituma mwisho wa mwezi pamoja na mchango wa Festo. Mwambie sijasahau, na mdogo wake anajitahidi, amepata chumba.

Niulize na mimi. Ulipofasiri mistari ile ulikuwa umechoka, au uliona na ukaamua kupita haraka kwa ajili ya vijana? Wanaipokeaje hadithi darasani, wanamshangilia nani? Yule binti uliyeniandikia kuwa anauliza maswali magumu, hajauliza kuhusu wanawake wa Alesia? Madaftari ya Padri yapo kwa nani sasa, kwa Damas au yalibaki jikoni kule? Goti la shemeji linaendeleaje? Mvua zimeanza? Na kweli utakuja Dar Januari, au ni maneno ya Festo tu? Nikipata likizo nitakuwa pale kuanzia tarehe 10, tukae siku mbili tuipitie sura ya 78 hadi ya 90, wewe na Kilatini chako, mimi na penseli.

Nijibu upesi, hata kwa mistari michache. Wasalimie watoto, na Mama ukipita.

Ndugu yako,
Kasian

Nimesahau: kwenye ramani, ile alama ndogo ya msalaba kati ya mlima na handaki la kwanza nimeiweka mimi. Haimo kwenye ramani yoyote niliyoiona. Ukiichapisha, usiifute.